Habari za Nukta za Kwantamu Ndani ya Kioo

Mafundi wa kioo wa Ulaya waliifahamu ajabu hii miaka mingi kabla ya wataalamu wa fizikia kuieleza. Kioo kilichotiwa salfidi na selenidi ya kadimi kilitoka tanurini na rangi ya manjano au nyekundu, kwa kadiri ya moto uliotumika na namna kilivyopozwa. Mchanganyiko ulikuwa uleule, lakini rangi zikawa mbalimbali. Fundi aliyajua hayo kwa mkono na kwa jicho, akayatumia katika kazi yake. Sababu yake hakuijua, wala kazi yake haikumlazimu kuitafuta.

Katika mwaka wa 1932 uchunguzi wa eksirei ulionyesha ya kwamba rangi hizo zatokana na fuwele ndogo sana zilizotawanyika ndani ya kioo. Salfidi na selenidi ya kadimi ni katika jamii ya vitu viitwavyo nusu-vipitishi, yaani vitu vinavyopitisha umeme kuliko kioo, lakini si kama shaba. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1937, Herbert Fröhlich alitabiri ya kwamba chembe ikipunguzwa hadi kuwa ndogo mno, tabia zake hazitafanana tena na za kipande kikubwa cha kitu hichohicho. Lakini utabiri huo ulikaa mbali na tanuri za kioo, na hapana aliyeviunganisha viwili hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Maana ya utabiri huo yaweza kufahamika kwa mfano wa uzi wa udi. Mpigaji akiufupisha uzi kwa kidole, sauti hupanda. Hali kadhalika elektroni iliyofungiwa ndani ya chembe finyu huhitaji nguvu kubwa zaidi ili iamshwe. Chembe ndogo, basi, husharabu nuru ya zambarau na buluu tu, na nuru ipitayo huonekana ya manjano. Chembe iliyokua zaidi husharabu na nuru ya kijani pia, ikabaki nyekundu.

Aliyeliuliza swali la fundi kwa akili ya mwanafizikia alikuwa Alexei Ekimov, aliyefanya kazi katika taasisi ya macho na nuru iitwayo Vavilov, mjini Leningrad, mji ambao tangu mwaka wa 1991 umerudia jina lake la Saint Petersburg. Alitia kloridi ya shaba katika kioo, akakitia moto wa kati ya digrii 500 na 700, vipande vingine kwa saa moja, vingine hata saa 96. Eksirei ilionyesha ya kuwa fuwele zilizozaliwa humo zilikuwa na upana wa kati ya nanometa 2 na 30. Na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fuwele kubwa zilisharabu nuru kama kloridi ya shaba ya kawaida. Zile ndogo zilisharabu nuru iliyosogea upande wa zambarau, na kadiri zilivyokuwa ndogo ndivyo nuru hiyo ilivyosogea zaidi. Habari hizo zilichapishwa katika mwaka wa 1981, katika jarida la Kirusi. Mwaka uliofuata Alexander Efros, pamoja na mwenzake wa jina hilohilo la ukoo, alitoa hesabu za kuzieleza.

Kioo kilikuwa mlezi mwema wa fuwele hizo. Kiliziweka mbalimbali zisigandamane, kikaziacha zikue polepole kwa kipimo cha moto na saa. Lakini kilikuwa kifungo pia, kwani fuwele iliyokwisha kugandishwa humo haikuweza kutolewa wala kutengenezwa upya.

Wakati huohuo, huko Marekani, Louis Brus wa maabara ya Bell alikuwa akichunguza chembe za salfidi ya kadimi ndani ya maji. Aliona ya kwamba chembe zilizoachwa mezani zilibadili namna yake ya kusharabu nuru. Akadhani zimekua, akalinganisha chembe mpya za nanometa 4.5 na zilizokomaa za nanometa 12.5, na dhana yake ikathibitika. Alichapisha habari zake katika mwaka wa 1983, asijue hata kidogo kazi ya Ekimov. Ugomvi wa dola kubwa ulikuwa umeitenga elimu kama ulivyowatenga watu, na kweli moja ikalazimika kuvumbuliwa mara mbili.

Kifungo cha kioo kilifunguliwa kabisa katika mwaka wa 1993. Moungi Bawendi, aliyepata kufanya utafiti chini ya Brus, pamoja na wenzake wa Massachusetts, walipata njia ya kuzikuza fuwele ndani ya mafuta ya moto hata zikawa karibu sawasawa kwa ukubwa. Tangu hapo nukta za kwantamu zikaingia katika vioo vya televisheni na katika kazi za uganga, ambako hutumiwa kuonyesha uvimbe mwilini.

Katika mwezi wa Oktoba, 2023, Ekimov, Brus na Bawendi walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tuzo hiyo haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, na jina la Efros halikuwamo. Wala hayakuwamo, kwa hakika, majina ya mafundi wale wa tanuri, waliokuwa na jambo lenyewe mikononi siku zote. Wao waliona ya kwamba moto hubadili rangi. Ekimov aliuliza ni nini kilichobadilika ndani ya kioo ilhali mchanganyiko haukubadilika. Jibu lilikuwa ukubwa, na katika swali hilo elimu mpya ilipata mwanzo wake.