HD ilianzia kibandaumiza, sio sebuleni

Nimeadimika kidogo, majaribio yalinibana na bumu nalo linajivuta kama kawaida yake. Leo nimepata upenyo kabla ya msuli wa usiku, nikasema niweke historia kidogo.

Hapa Malimbe kuna ubishi ambao hauishi. Kila ikifika wiki ya mechi kubwa lazima mtu adai kwao ndio walikuwa wa kwanza kuangalia mpira kwa HD Mwanza hii. Wa Capripoint anasema kwao, wa Pasiansi anasema mjomba wake. Mimi nimefuatilia hii habari na ninachokiona ni kwamba tunabishania sebule wakati jibu haliko sebuleni. HD ya michezo ilianza kwa watu kukusanyana, na sio Mwanza tu, hata huko ilikotengenezwa. Ngoja nieleze.

Kwanza tuelewane HD ni nini, maana siku hizi kila kitu kina kibandiko cha HD, mpaka miwani. TV ya zamani, ile ya chogo, ilipokea picha ya mistari 625, na katika hiyo iliyobeba picha yenyewe ni 576. HD kamili ina mistari 1080, kila mstari una nukta 1920. Zidisha hapo, unapata nukta zaidi ya milioni 2. Picha ya kawaida ya kidijitali ni 720 kwa 576, yaani laki 4 na ushee. Tofauti ni mara 5. Kwenye taarifa ya habari hutaumia sana, sura ya mtangazaji inajaza kioo. Mpira ndio unaumbua. Kamera inasimama mbali ionyeshe nusu uwanja, sasa kwa nukta chache mpira wenyewe unakuwa kijidoa na namba ya jezi unaikisia. Ndio maana michezo ikawa ya kwanza kuitafuta HD.

Wajapani wa shirika lao la utangazaji, NHK, walianza utafiti huu baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Ikafika Olimpiki ya Seoul 1988, wakawaonyesha watu wao michezo kwa mfumo huo mpya, ila waliweka mitambo kwenye maeneo ya watu wengi, kwa sababu majumbani TV zenyewe hazikuwepo. Kombe la Dunia Italia 1990, RAI wakarusha mechi kwa HD kupitia satelaiti, na waliotazama walikaa kwenye kumbi maalumu. Sasa wadau, mtu akikusanywa ukumbini kuangalia mpira kwa sababu kwake kifaa hakipo, hiyo tunaiitaje? Kibandaumiza! Tofauti ni viti tu, teh teh teh.

Turudi kwetu. Wakati Wajapani wanafanya hayo mwaka 1988, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara serikali ya Mwalimu iliona ni anasa, kuna mambo ya kufanya kwanza. Kwa hiyo mpira ulikuwa wa kusikia. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lile lililoipeleka Taifa Stars fainali za Afrika za 1980 Nigeria, wazee wetu wengi walilisikia redioni na mpaka leo wanalisimulia kana kwamba walikuwepo. Vituo vya Bara vilianza 1994, ITV ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Baadaye Mwanza nayo ikawa na kituo chake, Star TV, ya hao hao wenye Radio Free Africa.

Ila ukikaa Mwanza unajua mambo ya mawe. Mji umejengwa katikati ya vilima na majabali, na mawimbi ya mnara hayapendi kupenya jiwe. Nyumba moja picha safi, ya pili yake nyuma ya mwamba ni chenga tupu. Mtoto anapandishwa juu ya bati ashike antena, ndani watu wanapiga kelele: hapo hapo! usiachie! Hata lugha imebeba historia hiyo. Mtu asiyeelewa somo tunasema kichwani chenga. Aliyechanganyikiwa tunasema dishi limeyumba. Hizo si semi za babu zetu, zimetoka juu ya bati.

Dishi ndilo lililomaliza ugomvi na mawe, kwa sababu lenyewe linaongea na mbingu moja kwa moja. Tena sisi tuko pazuri. Mwanza ipo kama nyuzi 33 mashariki, karibu kabisa na ikweta. Satelaiti ya DStv kwa ukanda wetu iko juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, yaani karibu na utosi wetu. Angalia madishi yake hapa mtaani, yameegemea nyuma kama mtu anayehesabu nyota. Hakuna mwamba wa kuyaziba.

Adui akawa mvua. Ziwa letu lina tabia ya kutengeneza radi na mvua usiku, na usiku ndio mechi za Ulaya zinachezwa. Zile za saa 4:45 usiku, wenye umri mkubwa kidogo wanazikumbuka. Wingu zito likitanda, mawimbi ya dishi dogo yanadhoofika. Picha ya antena ilikuwa ikidhoofika inaonyesha chenga lakini mpira unaendelea kuuona. Ya kidijitali haina huruma, inakatika vigae vigae, inaganda, halafu giza. Na kwa kawaida chaneli ya HD inatangulia kukata, kwa sababu inabanwa mzigo mkubwa kwenye wimbi lile lile na inataka mawimbi yenye nguvu zaidi. Fundi mmoja wa madishi pale Nyegezi alinichekesha, anasema kazi yake inategemea mvua kuliko ya mkulima wa mpunga.

Kombe la Dunia Ujerumani 2006 ndilo la kwanza kupigwa picha lote kwa HD. Mwaka huo huo Tanzania ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme. Fikiria hilo. Kule wanahesabu nyasi, huku swali ni nani ana jenereta. Mwenye jenereta, dishi na TV ni mwenye kibanda. Kwa wasiokijua, ni chumba au banda la mabati na turubai, mabenchi ya mbao, unalipa mia tatu au mia tano, unabanana mpaka mbavu zinaomba poo, ndio maana kikaitwa hivyo. Na visiwani kwenye mialo ilikuwa vile vile, wavuvi wakirudi kutoka ziwani wanakuta banda la video lina jenereta linanguruma.

Mwaka 2007 ikaja GTV ikiwa imechukua sehemu kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwa bei iliyowavuta wengi waliokuwa hawaimudu DStv. Watu wakanunua dikoda. Januari 2009 kampuni ikafilisika na matangazo yakazimika katikati ya msimu. Waliobaki na dikoda za kuwekea vitambaa vya kufuma juu yake ni wengi Afrika Mashariki nzima. Somo likawa chungu: sebule inaweza kufungwa kwa siku moja na mtu aliye mbali. Watu wakarudi kwenye benchi.

MultiChoice walikuwa wameanza HD kule Afrika Kusini mwaka 2008, na Kombe la Dunia la 2010, la kwanza kwenye ardhi ya Afrika, ndilo lililowafanya wenye vibanda na baa kuanza kununua TV za flati. Hapa ndipo penye uhondo. Vingi vilivyoandikwa HD havikuwa vinaonyesha HD. TV ilikuwa na kibandiko cha HD Ready, lakini dikoda ni ya kawaida. Au dikoda ni ya HD, lakini imeunganishwa kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Ule wa njano hauwezi kubeba HD hata uusihi vipi, unatakiwa waya wa HDMI. Matokeo yake picha ndogo inavutwa ijae kioo kikubwa, wachezaji wanakuwa wanene kama wamekula wali wa harusi, na wazee wanasema bora chogo. Walikuwa na haki. HD inahitaji kamera, satelaiti, dikoda, waya na kioo vikubaliane vyote. Kimoja kikigoma, umenunua kibandiko.

Mkanganyiko mwingine uliletwa na ving'amuzi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata mwanzoni mwa 2013. Mimi nilikuwa mdogo ila nakumbuka nyumba nzima ilivyolalamika, maana TV iliyokuwa inaonyesha bure jana, leo inadai king'amuzi. Wengi mpaka leo wanadhani siku ile ndio tuliingia HD. Hapana. Kidijitali ni namna ya kusafirisha picha, HD ni ukubwa wa picha inayosafirishwa. Ving'amuzi vingi vya wakati ule vilileta picha ile ile ya mistari 576, ila bila chenga. Lilikuwa jambo kubwa kwa wanaoishi nyuma ya mawe, lakini HD haikuwa.

Sasa nifike ninapotaka. Mpaka hapo, picha safi kuliko zote iliyofika Mwanza ilikuwa ya viwanja vya watu. Kijana wa Mabatini aliijua rangi ya nyasi za Old Trafford kuliko za CCM Kirumba, uwanja anaoufikia kwa miguu. Pamba ya enzi zake, TP Lindanda, ilitikisa nchi na Afrika, lakini leo ukitaka kuiona ikicheza unaambulia simulizi za wazee.

Azam TV ilianza Desemba 2013 ikiwa na haki za ligi yetu, na satelaiti inayotumia iko nyuzi 7 mashariki. Kwa hiyo mapaa ya Mwanza yakapata madishi ya aina ya pili, yanayotazama magharibi, ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga na Sengerema. Ukipita Mkuyuni leo unaweza kujua nyumba inaangalia nini kwa namna dishi lilivyokaa. Kampuni ikaleta magari ya kurushia matangazo na kamera nyingi, na ikaanza kuonyesha mechi zetu kwa HD. Mbao FC ya hapa hapa ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2017 pale Dodoma na kufungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza, mtu aliyebaki Mwanza aliweza kuiona. Mwaka 2021 Azam wakasaini mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya shilingi bilioni 225. Mwaka 2024 Pamba Jiji ikarudi Ligi Kuu, na Kirumba nayo ikaonekana kwenye kioo na mashabiki wake, jasho, vumbi na yote.

Ndio maana nasema HD haikuingia nyumbani siku mtu fulani wa Capripoint aliponunua TV. Iliingia mechi za nyumbani zilipoanza kupigwa picha kwa heshima ile ile wanayopewa wengine. Kabla ya hapo tulikuwa na kioo safi cha kuchungulia kwa jirani.

Na vibanda je? Bado vipo, nendeni Igoma au Buhongwa siku ya Simba na Yanga mkaone. Kifurushi cha mwezi bado ni hela, na kijana aliyepanga chumba kimoja anapiga hesabu zake vizuri tu. Halafu bao likiingia unataka mtu wa kumkumbatia, na hilo halina waya wake.

Haya, naona saa ya msuli imefika, na kuna jamaa ameshaniwekea kiti maktaba. Anayetaka kuendeleza ubishi ajue nipo Malimbe, aje na hoja sio na mjomba.