Subaru ya Mzee

Nilikuja makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikitokea Bukavu, nikapata kazi ya ufundi gereji moja Mbarara. Gari lililonifundisha kazi ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1996, ya mzee mmoja mfugaji. Mwaka mmoja kabla haijaundwa, Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari akiendesha Impreza. Pistoni zake zimelala ubavu, mbili kila upande. Mngurumo wake naujua hata kabla haijakata kona. Mkanda wa taimingi nimeubadilisha mara mbili.

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15.

“Fundi, hii ikifa sipati nyingine,” mzee huniambia.

Najua, mzee. Ndiyo maana oili yake naimwaga kwa mkono wangu mwenyewe.