Kurudi Kuomba Kura: Historia ya Komine Yetu ya Kikula



Katika mikutano yetu ya karibuni swali moja limerudi mara nyingi. Sisi tuliofukuzwa tumerudi Kikula, tumejenga tena, watoto wanasoma. Je, siasa ya komine inatuhusu? Wazee wengine wanasema: "Hapana, siasa njo ilitufukuza, tuiache." Vijana wanajibu: "Mukiiacha, nani ataleta mayi na taa ku kartie?" Kabla ya kukata neno, tuangalie kwanza historia. Kupiga kura mara ya kwanza ni kumwamini mtu kwa maneno yake. Kura ya pili, mtu huyo anaporudi kuomba tena, njo inapima kazi yake. Kikula imepewa kura ya kwanza mara kadhaa. Kura ya pili, ile ya kweli, karibu hatujaionja.

Mwaka wa 1957

Tarehe 26 Machi 1957 Wabelgiji walitoa dekreti juu ya miji. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, miji mitatu ilipiga kura ya komine, ya kwanza katika Kongo nzima: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Jadotville ni Likasi hii yetu, iliyobadilishwa jina mwaka wa 1966.

Haikuwa kura ya watu wote. Walipiga wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama zetu walibaki nyumbani. Burgumesta aliyependwa na wapiga kura alingoja bado serikali imkubali kwa sahihi yake, na juu ya mji wote alikaa Mzungu. Lakini kwa wazee wetu ilikuwa ajabu kubwa: Mweusi kumuuliza Mweusi mwenzake, "Unipe kura yako."

Katika Katanga vyama vya siasa vilikuwa bado havina nguvu. Nani basi alipanga watu? Vyama vya msaada vya watu wa asili moja. Vilikuwa na orodha ya wanachama, sanduku la michango, mzee wa kila kartie, na desturi ya kukutana siku ya Mungu. Vilizika wafu, vilisaidia wagonjwa, na Desemba ile vilihesabu kura pia. Tusijifanye hatuvijui: chama chetu cha leo ni mtoto wa vyama vile.

Watu wa Kasai walikuwa wengi mjini, na walijua kujipanga. Union Minière na reli ya BCK ziliwaleta tangu miaka ya 1920, wengi wakawa wafanyakazi wa ufundi na makalaka wa biro. Matokeo yakaonekana: huko Élisabethville, wengi wa maburgumesta Weusi walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga. Hapa kwetu Jadotville, wakati wa uhuru, Victor Lundula alikuwa burgumesta. Alikuwa Mutetela wa Kasai, na zamani askari wa Force Publique katika vita ya pili ya dunia. Ni yeye ambaye serikali ya Patrice Lumumba ilimtaja Julai 1960 kuwa jenerali mkubwa wa jeshi la Kongo, baada ya askari kuasi. Wengi wanakumbuka jenerali, wachache wanakumbuka burgumesta.

Swali lilivyogeuka

Walioshindwa mwaka wa 1957 wangeweza kusema: "Tungoje, tuone kazi yao, kisha tuwashinde kura ijayo." Hawakusema hivyo. Oktoba 1958, huko Élisabethville, ilizaliwa CONAKAT, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, na mwaka wa 1959 Moïse Tshombe akashika kiti. Neno lao kubwa lilikuwa moja: Katanga iongozwe na wenyeji.

Hivi, kura za mitaa ziliporudi Desemba 1959, swali lilikuwa limekwisha kugeuka. Aliyetaka kubaki katika kiti chake hakuulizwa kwanza kama soko lilisafishwa, kama kodi ilitumika vizuri, kama karatasi za ndoa na za kuzaliwa zilitoka bila kuzungushwa. Aliulizwa: "Wewe ni wa wapi?" Swali hilo halina jibu la kazi. Hata ufanye mema namna gani, haliondoki.

Lakini tuseme ukweli wote. Vyama vya wazee wetu navyo vilitoa mlango. Burgumesta aliyepanda kwa orodha ya watu wa kwao tu hakulazimika kumzoea Musanga au Mulunda wa jirani. Siku alipotaka msaada wa jirani huyo, alikuta hakumjenga. Hii si sababu ya kuchukiwa wala kufukuzwa mtu. Ni somo kwa chama chochote kinachohesabu watu wake.

Yaliyofuata mnayajua. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, ikarudishwa Januari 1963. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Élisabethville, na mwaka wa 1962 wengi walipelekwa Kasai. Kumbe gare ya 1992 haikuwa safari ya kwanza.

Wakubwa wa kutumwa

Chini ya Mobutu komine iliitwa zone, na burgumesta akawa komisere. Kura zilikuwako, lakini ndani ya chama kimoja, MPR. Kura za mitaa za mwisho za wakati ule zilikuwa mwaka wa 1987. Mkubwa wa zone alijua vizuri: cheo chake kinatoka juu. Mtu anamwangalia yule anayeweza kumtoa kazini. Kama anayeweza kumtoa ni mkubwa wa Kinshasa, atamwangalia Kinshasa. Kama ni mama wa soko la Kikula, atamsikiliza mama huyo.

Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi waziri mkuu, mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Katika majuma yaliyofuata moto uliwaka Likasi. Jirani waliitana "bilulu". Makumi ya maelfu ya watu walilala ndani ya masomo na kwenye gare, miezi na miezi, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu. Wengine walizikwa njiani. Hatutayarudia yote hapa, kila nyumba yetu iko na yake.

Tunauliza jambo moja tu. Nani kati ya wakubwa wa mji alikuwa na haja ya kura yetu siku ile? Hakuna. Hakuna aliyekuwa na tarehe ya kurudi mbele yetu na kusema, "Munipe tena." Hatusemi kura ingezima moto wote, mwaka wa 1959 kura zilikuwako na chuki ikakua. Lakini mkubwa asiyekuomba kitu ni mwepesi kukuacha.

Mpaka leo

Katiba ya 2006 na sheria ya Oktoba 2008 zinasema wazi: wakaaji wanachagua washauri wa komine, na washauri wanachagua burgumesta. Tulipiga kura 2006, 2011, 2018 na 2023, za rais na za wabunge. Tarehe 20 Desemba 2023 hatimaye washauri wa komine walichaguliwa, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwa hiyo komine za Lubumbashi zilipiga. Likasi, na komine zake nne, Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe, haikupiga. Kijana wa Kikula aliyezaliwa 1988 ameoa, amezaa, na hajawahi kumchagua mshauri hata mmoja wa komine yake.

Basi, kwa swali la mikutano yetu, sisi wa kamati tunapendekeza haya tuyazungumzie pamoja. Kwanza, kila mwanachama, mwanamume na mwanamke, ajiandikishe hapa anapokaa. Mwenye kura huku na moyo kule hana nguvu popote. Pili, chama kisiwe na kandida wake, na orodha yetu ya wanachama isitolewe kwa mtu yeyote. Mwanachama anayetaka kusimama asimame kama mkaaji wa Kikula, aombe kura kila mlango, kwa Musanga, kwa Mulunda, kwa Muluba wa kila upande. Tatu, kandida yeyote atakayekuja kutusalimia apokewe kwa heshima, na aulizwe maswali yaleyale: mayi, soko, kodi, usalama wa kila jirani. Majibu yaandikwe katika kitabu chetu, na tarehe yake.

Kitabu hicho kikae kwa mwandishi. Akirudi baada ya miaka mitano kuomba tena, tutakifungua mbele yake na kusoma.