Novemba ya Kiwanja: Yanayosemwa na Yanayonyamazwa

Mwezi wa Novemba ndio tunaowaombea marehemu wetu. Kwa wenye ndugu zao Kiwanja, mwezi huo una tarehe nyingine zaidi ya ile ya 2: ni tarehe 4 na 5, za mwaka 2008.

Yaliyoandikwa ni haya. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda waliteka Rutshuru na Kiwanja, kilomita kama 70 kaskazini mwa Goma. Tarehe 4 Novemba Mai-Mai waliushambulia mji wa Kiwanja. CNDP wakaurudisha mikononi mwao, wakawaamuru wakazi waondoke. Waliobaki, hasa wanaume na vijana, walisakwa nyumba kwa nyumba wakauawa. Kambi ya askari wa MONUC haikufika kilomita mbili kutoka hapo. Human Rights Watch ilihesabu watu wapatao 150 waliouawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha wasiopungua 67. Wakuu wa CNDP walidai kwamba wafu hao walikuwa wapiganaji.

Kati ya 67 na 150 pana watu zaidi ya 80. Hatusemi kwamba kuna aliyedanganya, kwani kila mchunguzi ana kipimo chake cha ushahidi. Lakini mama hawezi kumlaza mwanawe ndani ya tofauti ya hesabu. Atamtaja kwa jirani, na jirani atamjibu.

Maurice Halbwachs, mwanasosholojia Mfaransa aliyefia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, aliandika tangu 1925 kwamba mtu hakumbuki peke yake. Sisi tunalijua jambo hilo kutokana na matanga. Mmoja huanza: ilikuwa asubuhi. Mwingine humkatiza: hapana, jua lilikwisha kupanda. Wa tatu huongeza nani alikuwa mlangoni. Kufikia usiku habari imekuwa moja, na hakuna awezaye kusema ni ya nani. Kwa Kiwanja, matanga ya namna hiyo yalikuwa magumu. Watu walikuwa wamekimbia, wengine wamejibanza kando ya kambi ile ile ya MONUC. Habari ilifumwa njiani na kambini, kwa sauti ya chini.

Na mazungumzo hufuta pia. Huko New York, mwanasaikolojia William Hirst na wenzake waliona kwamba tukisimulia sehemu ya tukio na kunyamazia sehemu iliyo karibu nayo, ile tuliyoinyamazia hufifia upesi kuliko mambo ambayo hatukuyagusa kabisa, na hufifia kwa msikilizaji vilevile. Kiwanja palikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. M23 waliuteka mji mwaka 2012, wakaurudia Oktoba 2022. Chini ya bunduki nani atauliza kwa sauti ni nani aliyebisha hodi siku ile? Tena kuna ukimya ambao si wa hofu. Human Rights Watch iliandika kwamba Mai-Mai nao waliua raia katika siku hizo. Wafu hao huachwa nje ya masimulizi mengi, kwa kuwa wanayavuruga. Na sisi, tukiwa wakweli, tumesikiliza bila kuwauliza.

Mahakama haikutusaidia. Bosco Ntaganda, aliyekuwa mkuu wa jeshi la CNDP, alihukumiwa mjini The Hague miaka 30 gerezani tarehe 7 Novemba 2019. Makosa yake 18 yote ni ya Ituri, ya miaka 2002 na 2003. Kiwanja haimo.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anakaribia umri wa wale waliosakwa. Majina ya marehemu yanapokusanywa jumuiyani kwa ajili ya Misa, yeye ndiye anayeuliza: huyu alikuwa nani, na alikufaje? Wazee hutazamana, kisha mmoja huanza, na mwingine humkatiza.