Habari za Mbeleko

Wasomaji wetu, wako siku hizi wanaoionea haya mbeleko, wakidhani ni alama ya ujinga. Twataka kuwakumbusha historia yake.

Hapo kale, huku bara, mama wengi waliwaeleka watoto wao kwa ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta. Katika karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya pamba kutoka Marekani, na baada yake kanga.

Nguo ilitoka Marekani, lakini maarifa yalikwenda huko kutoka Afrika. Katika miaka ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alikaa Togo, akaona jinsi watoto walioelekwa walivyotulia. Aliporudi kwao akapata mtoto, naye na mama yake wakashona mfuko wa kubebea. Mwaka 1969 serikali yao ilitoa hati ya kuulinda uvumbuzi huo.

Tena mwaka 1978, mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Njia hiyo imeokoa watoto wengi, nayo yatumika hata katika hospitali za Tanzania na Malawi.

Basi, akina mama, msiache mbachao kwa msala upitao.