Vifaa vya Ujenzi Vinavyohifadhi Maji

Tofali la udongo, kigae kisichopakwa rangi, mkaa, gunia la katani: vyote vina vinyweleo vinavyofyonza maji na kuyaachia polepole yakiwa mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400, na ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa.

Mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kando ya Mto Ngong karibu na Eneo la Viwanda la Nairobi, umejengwa kwa kinyume cha vifaa hivyo. Nyumba nyingi ni chumba cha futi 10 kwa 10, mabati juu na mabati ubavuni. Bati halifyonzi hata tone, na jua likilipiga hupitisha joto ndani mara moja. Vipimo vilivyochukuliwa Kibera, Mathare na Mukuru, matokeo yake yakachapishwa 2017, vilionyesha kuwa mitaa hiyo ina joto kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti.

Hali ya hewa ya Nairobi yenyewe inaruhusu kupoza nyumba kwa maji yanayogeuka mvuke. Alasiri za Januari na Februari jijini ni kavu, hivyo maji huvukizwa haraka. Lamu hila hii isingefaa sana: hewa ya pwani imeshashiba unyevu, na mafundi wa zamani walitegemea kuta nene za matumbawe na upepo.

Kikwazo cha Mukuru ni maji. Jua la utosini humimina karibu kilowati 9 juu ya paa la chumba kimoja. Lita 20 zikikaukia juu ya paa hilo zingeondoa joto la takriban saa moja na nusu ya jua hilo. Lakini mtungi wa lita 20 hununuliwa, na nani amwagie bati maji ya kupikia? Yabaki maji ya kufulia, ingawa sabuni huziba taratibu vinyweleo vya kifaa chochote kinachoyafyonza. Tofali nalo lina shida zake. Udongo mweusi wa upande huu wa jiji huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mpangaji hajengi ukuta kwenye ploti ya mwingine.

Mahali ambapo maji kidogo yanatosha ni kwenye kabati la mkaa, linalojulikana kwa wakulima wa Kenya: mkaa hubanwa kati ya nyavu mbili za waya, hunyunyiziwa maji mara kwa mara, na mboga za ndani hukaa bila kunyauka, pasipo umeme.