Klabu ya marubani wa ridhaa: yafanya nini, na mtoto wa Pwani ataingiaje?

Mpwa wangu ana miaka 14. Twakaa Changamwe, ambapo ndege zinazotua uwanja wa Moi hupita juu ya mabati yetu mpaka watu wanyamaze kwanza ndipo mazungumzo yaendelee. Yeye huzitambua kwa mlio tu. Mwaka jana aliniuliza, "Mjomba, mtu huanzaje kuwa rubani?" Nikamjibu haraka: "Hiyo ni kazi ya wenye pesa. Wewe soma kwanza." Akanyamaza. Jibu hilo halikunitulia rohoni, nikaanza kuulizia. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaandika kwa mzazi yeyote aliyeulizwa kama mimi.

Klabu yenyewe ni nini

Ni chama cha watu wanaopenda ndege bila ya urubani kuwa ndio kazi yao. Mwanachama aweza kuwa daktari, mkulima, mwalimu au fundi. Si lazima mtu awe na ndege yake. Wengi hukodi kwa saa, au hununua moja kwa ushirika na kugawana gharama.

Kongwe katika nchi yetu ni Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, na makao yake ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huo umebeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Beryl Markham naye alijifunza kurusha ndege hapa Kenya, na Septemba 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada.

Hao walikuwa walowezi, na mlango huo haukufunguliwa kwa babu zetu. Ndege za majini za Imperial Airways, zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini kuanzia mwaka 1937, zilikuwa na kituo Mombasa. Kwa hivyo ndege si ngeni kwetu. Zimetupitia juu tangu enzi hizo. Tulichokosa ni wa kutuonyesha zinaingiliwa wapi.

Shughuli zake

Kwanza ni mafunzo. Mwanafunzi huruka na mkufunzi aliyekaa kando yake, na usukani uko pande zote mbili. Kabla ya kuwasha injini, ndege huzungukwa na kukaguliwa kwa mkono: mabawa, magurudumu, mafuta ya injini. Petroli kidogo hukingwa kwenye chombo cheupe ili kuona kama ina maji, kwa kuwa maji ni mazito na hukaa chini. Injini ikizimika angani hakuna pembeni pa kuegesha.

Pili ni mashindano. Kuna la kutua, ambapo mstari huchorwa kwenye njia ya ndege na rubani hutakiwa agusishe magurudumu hapo hapo. Kuna la kudondosha kifuko cha unga kulenga shabaha. Na kuna safari ya ramani, ambapo rubani hupewa vituo na saa ya kupita kila kimoja. Akichelewa au akiwahi, hukatwa alama. Asiyekuwa na haraka ndiye hushinda.

Tatu ni mikutano. Marubani husimuliana makosa yao bila kuoneana haya, ili mwingine asiyarudie. Wasioruka nao wana nafasi: kuna wanaopiga picha za ndege, wanaounda vielelezo, na wanaofanya mazoezi ya urubani kwenye kompyuta.

Upepo tunaujua

Jambo moja lilinishangaza. Ndege, tofauti na jahazi, hutaka kupaa na kutua kwa upepo wa omo, kwa sababu upepo ukija mbele mabawa hubeba mapema na njia fupi hutosha. Njia kuu ya uwanja wa Moi imeandikwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani nyuzi 30 na nyuzi 210 za dira. Ndiyo maana upepo ukigeuka baina ya kaskazi na kusi, ndege nazo hubadilisha upande wa kutulia. Mtoto wa baharia asomapo hayo hasomi jambo geni.

Njia ya kuingia

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Mwanafunzi huanza akiwa na miaka 16, na leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17. Hutakiwa apimwe na daktari aliyeidhinishwa, afaulu mitihani, na aruke si chini ya saa 40, ambazo 10 kati yake aruke peke yake. Hesabu na fizikia za shule ndizo msingi.

Sitawadanganya: saa za angani ni ghali, na jibu langu la kwanza halikuwa uongo mtupu. Kosa langu lilikuwa kufunga mlango palipokuwa na ngazi za chini zisizohitaji pesa nyingi. Shule yaweza kuanzisha kikundi cha kuunda vielelezo, kusoma ramani na kufuata hali ya hewa. Mwalimu mmoja na kompyuta moja vyatosha kuanzia. Ila droni zisichezewe ovyo: kanuni za mwaka 2020 zataka zisajiliwe, na karibu na uwanja wa ndege si mahali pa kujaribia.

Tuna viwanja vya ndege Mombasa, Ukunda, Malindi na Manda. Kaunti zinazotoa basari, na wazee wa mitaa wanaolalamika vijana hawana la kufanya, waliangalie hili.

Mpwa wangu siku hizi ana daftari. Kila jioni huandika upepo watoka wapi na ndege zatua kutoka upande gani. Juzi nilimuuliza kwa nini ile ya saa kumi na moja imekuja kwa upande wa pili. "Upepo umegeuka, mjomba," akanijibu, bila kuinua kichwa.